Anemoni wa Chelangat na Nailoni ya Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipong'oa mche wa chai niliopewa nitunze ili nione kama umetoa mizizi. Nilikuwa nimeolewa hapa kijijini Kedowa mwaka huo huo, kichwa kigumu, mikono haitulii. Mama mkwe alinipa kitalu chake: vijiti vya chai vimepangwa vizuri, juu vimefunikwa na nailoni kubwa. Aliniambia nisifungue ovyo, huo unyevu wa ndani ndio uhai wao. Mimi nilifungua kila siku. Nikachungulia, nikagusa, nikang'oa kimoja, nikakirudisha, nikang'oa kingine. Vyote vikanyauka.

Mama mkwe hakunipigia kelele. Alishika kijiti kimoja kikavu akaniuliza, "Wewe unataka kuona, au unataka chai?"

Shule niliachia darasa la tatu, lakini hilo swali sijalisahau, na mwaka huu limenifaa kwa kitu ambacho mama mkwe hangeamini: mnyama wa baharini ndani ya nyumba yangu.

Ni wa Chelangat, mjukuu wangu, anayefanya kazi ya kompyuta akiwa hapa nyumbani. Aliweka sebuleni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe na taa ya buluu. Ndani akatia anemoni. Ukimwona utasema ni ua, lakini ana mdomo, anakula, na anatembea kwa mguu wake mmoja, polepole kuliko konokono. Najivunia huyo msichana, sifichi. Nani mwingine huku kwetu kwa majani chai anafuga bahari? Lakini anemoni wa kwanza alikufa, akanuka hadi tukafungua madirisha yote, na Chelangat akaapa kwamba wa pili akifa, tangi linauzwa.

Wa pili naye akaanza kusinyaa.

Nikavuta stuli nikakaa. Sikutazama mnyama, nilitazama mikono ya mjukuu wangu. Asubuhi anambandua kwenye jiwe amweke mbele, wageni wamwone. Jioni anamsukumia kipande cha samaki mdomoni, hata akitema. Maji yakipungua, anaongeza mengine ya chumvi.

"Maji yakiruka na mvuke, chumvi inaruka nayo?" nikamwuliza.

"Hapana, Kogo," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. "Inabaki."

"Basi mbona unaongeza chumvi? Hata mchuzi ukikauka, si tunaongeza maji tu?"

Akapima maji. Chumvi ilikuwa imepanda sana. Akakimbia kuleta jagi amwage maji matupu mengi mara moja. Nikamshika mkono. Kidogo leo, kidogo kesho, nikamwambia, na yawe yale maji anayosafisha kwa mashine yake, si ya mfereji. Pampu inayozungusha maji tukaivalisha sponji, isije ikamnyonya mnyama akianza kutembea. Ndipo nikamwuliza, "Unataka kumwona, au unataka aishi?"

Alinuna. "Kwa hivyo, Kogo, nikae tu?"

"Kaa. Hiyo pia ni kazi, na ni ngumu kuliko kuchuma chai."

Siku ya tano mnyama aliondoka mwenyewe, akazunguka nyuma ya jiwe, mahali taa bado inamfikia. Hapo akashika. Akafungua mikono yake yote iliyo kama petali, amejaa kama kiwele cha asubuhi. Sasa ukikaa kwenye kochi humwoni. Mgeni akimtaka, apige magoti sakafuni. Hata pasta wa kanisa letu alipiga.

Kwa hivyo nisikie, mwanangu. Kiumbe wako akidhoofika, pima maji yake kabla hujamgusa. Kosa la wiki nyingi usilirekebishe kwa saa moja. Mpe chakula kidogo, mpe taa, mwache achague jiwe lake, na usikate tamaa. Mikono ikikuwasha, shika ufagio ufagie uwanja.

Mungu atulize mikono yako, na ulichokifunika kwa uvumilivu akifungue yeye mwenyewe kikiwa hai. Sogea hapa nikutemee mate ya baraka kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki.