Viazi vya Kijani vya Kyakimwa

Jirani yangu wa Bulengera, Kyakimwa, ana shingo ngumu, na leo nalisema hilo kwa kumsifu. Alipofika hapa Butembo akikimbia vita vya upande wa Beni, pamoja na mumewe Gérard na binti yao Faraja, hakubeba sufuria wala godoro. Alibeba mbegu za kakao, kazifunga kwenye kitenge. Akazipanda nyuma ya nyumba. Zikachipua, zikaonja baridi yetu, zikageuka manjano. Tukamwambia kakao inataka joto. Akatujibu kwamba Mungu wa Beni ndiye Mungu wa Butembo. Kweli kabisa, ila baridi si ileile.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa baridi. Parokiani kwetu kuna misa ya mavuno, ambapo kila familia hupeleka altareni kitu ilichokilima yenyewe. Kununua sokoni ni aibu. Mungu hapewi jasho la jirani. Kule Beni, tangu aolewe, Kyakimwa hakuwahi kukosa kupeleka kakao yake. Mwaka wake wa kwanza hapa alibaki kwenye benchi, Faraja mapajani, wakati sisi tukipita na kabichi zetu tukicheza. Nilimwona akijifuta macho kwa pindo la kitenge. Akaapa kwamba mwaka unaofuata hatabaki tena pale.

Mama mkwe wake, Victoire, ni mkulima wa Masereka, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alikuwa na kipande cha shamba mlimani.

"Mwana wangu," akamwambia, "acha ile kakao ipumuzike. Kuya tulime biazi."

Kyakimwa alikataa, maana kwake kulima viazi kulikuwa sawa na kusema kwamba harudi tena nyumbani. Alisali, akalia, akasali tena, na Gérard akakaa naye bila kumharakisha. Mwishowe akapanda nyuma ya pikipiki ya mumewe, wakaenda.

Mkanda wa mzigo kwenye paji la uso aliuzoea tangu utoto, lakini si kwa miteremko ya Masereka. Akirudi nyumbani, shingo ilikataa kugeuka. Gérard alikuwa akipasha mawese moto na kumkanda huku wakisali rozari, na mume akikosea fumbo, mke alimsahihisha bila kugeuza kichwa. Nawaonea wivu hata sasa.

Viazi vikatoka vinene. Kyakimwa akachagua vile vizuri kuliko vyote kwa ajili ya altare, akaviosha. Kisha akafanya jambo ambalo ni mtu wa kakao tu angelifanya: akavitandaza juani kwenye mkeka, siku baada ya siku, akivigeuza kwa mkono kama punje za kakao. Gérard alikuwa safarini Beni na abiria, na mimi ni muuza vitenge, viazi navijua kwenye sahani tu, hivyo hakuna aliyemwonya.

Victoire alishuka kutoka Masereka Jumamosi, misa ikiwa kesho yake. Akautazama ule mkeka. Viazi vilikuwa kijani kama sombe, yale majani ya muhogo.

"Nani alianika hibi?"

"Ni miye, Mama. Bikauke muzuri."

"Mama wee! Biazi binaogopaka jua! Sasa biko bichungu, mutu hawezi kula."

Kyakimwa akaketi palepale mavumbini. "Donc kesho nitabakia tena ku benchi," alisema. "Mwaka muzima, Mama. Mwaka muzima nimelima!"

Victoire alicheka kwanza, yule hawezi kujizuia, kisha akaketi karibu naye na kumshika ile shingo.

"Hapana lia. Bya kijani hatukulake, lakini tunapandaka. Hii ni mbegu ya muzuri. Utaibeba, na miye nitatembea nyuma yako."

Asubuhi wakapanda altareni. Katekista alipochungulia kikapu akakunja uso, na kabla hajauliza, Victoire akatangaza kanisa zima lisikie: "Ni mbegu!" Watu wakacheka, na Kyakimwa akacheka nao huku machozi yakimtoka.

Matoleo ya siku ile hugawiwa wahitaji, na shirika letu la waumini lina familia nyingi zilizokimbia kutoka Beni. Kabichi yangu iliisha jioni ileile. Vile viazi Victoire alivigawa kwa mkono wake, akimwonya kila mtu: "Hapana pika. Panda." Mzee mmoja hakusikia, akapika; tumbo likamhubiria hadi asubuhi. Wengine walivipanda nyuma ya nyumba na kwenye vipande vya kuazima.

Mche mmoja wa kakao bado umesimama kwa Kyakimwa. Haukui wala haufi, naye anaumwagilia. Siku hizi anaimba akiumwagilia.

Mwaka huu alitangulia kwenye misa ya mavuno na kikapu cha viazi vyenye udongo wake, havijaona jua. Nyuma yake walifuata wale wa Beni, akina mama, akina baba, hata yule mzee wa tumbo, kila mmoja na viazi vyake. Kyakimwa akageuka, akatazama mahali walipokuwa wameketi. Benchi lao lote lilikuwa tupu. Akasimama katikati ya kanisa akisema, "Wasingya Nyamuhanga, asante Mungu," wala miguu haikutaka kwenda.

Victoire akamsukuma taratibu mgongoni. "Tembea, mwana. Batu banakungojea."