Mama Mkwe Ndani ya Mtumbwi wa Pikipiki

Wazungu niliowajua mimi walikuwa wote wakihesabu miaka iliyobaki ili warudi kwao. Yule wa serikali, yule wa pamba, hata yule wa duka: ukikaa naye kidogo tu, atakuambia nyumba yake ya Ulaya ina madirisha mangapi. Mzee huyu alifanya kinyume. Alistaafu kazi huko kwao, akazika mke, akawaaga watoto, kisha akapanda meli mpaka kwetu Baraka aje azeekee hapa, eti mifupa yake inapenda jua. Wengine hushusha masanduku ya sahani na mapazia. Yeye alishusha pikipiki tano za zamani, zote zimenizidi umri, na kila moja ina kiti cha abiria ubavuni chenye gurudumu lake. Sisi watu wa ziwa hatukuhangaika kutafuta jina. Kitu kirefu, kina pua mbele, mtu anaingia ananyoosha miguu: huo ni mtumbwi.

"Unaziuza?" watu walimuuliza.

"Siuzi."

"Sasa unazifanyia nini?"

"Naziangalia."

Jibu hilo liliudhi mji mzima. Ni wafugaji wa milimani tu, waliokuwa wameshuka na siagi yao, waliomwelewa mara moja. Mtu ana ng'ombe wake watano, hauzi, hachinji, jioni anatoka kuwatazama na kuwapapasa shingo. Shida iko wapi? Walizunguka zile pikipiki mikono nyuma, wakabishana ipi ina umbo zuri kupita nyingine, wakampongeza mwenyewe. Akina mama wa Baraka wao walisimama kwa moja ambayo mtumbwi wake umesukwa kwa fito kama kapu. Walivuta hapa, wakavuta pale, wakasema Ulaya wanasuka kama watu wanaokimbia mvua.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, madarasa matano ya misheni, na baiskeli ya kupeleka ndakala Fizi. Ndakala ni samaki wadogo kama kidole, tunawaanika juani, na harufu yao ilinitangulia kila nilikokwenda. Kichwani nilikuwa na safari nyingi kuliko miguuni. Niliwaambia watu kwamba siku moja nitazunguka ziwa lote, nipite Kigoma, niende mpaka barabara iishe. Watu walicheka, nami nilicheka nao, lakini nilikuwa nasema kweli.

Siku niliyomkuta mzee barabarani alikuwa anakanyaga pedali ya kuwashia, nyonga yake mbovu inakataa. Nikalaza baiskeli chini. "Bwana, acha mi nikanyage." Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Pedali ikarudi ikanipiga kwenye ugoko hadi nikaita mama. Siku hiyo tulichechemea wawili kwenda kwake, tukicheka. Kesho yake nikaanza kazi: mimi naendesha, yeye anakaa ndani ya mtumbwi na kofia yake, ananipigia kelele kwa Kifaransa, na mambo yakiharibika sana, kwa lugha nyingine nisiyoijua mpaka leo. Baada ya miezi kadhaa nilipewa karatasi ya kuendesha kutoka ofisi ya serikali. Niliionyesha hata kwa watu wasiojua kusoma. Hao ndio walioisifu zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa nimeposa. Mbuzi wote walikwisha kupokelewa, hakuna aliyerudishwa. Padri alikuwa amefika Fizi kwa siku chache tu. Jumamosi angefungisha ndoa za wote walio tayari, halafu aondoke kwenda vijiji vya mbali, asirudi kabla ya mvua kwisha. Mchumba wangu alikwisha kupanda Fizi, kwa shangazi zake wanaomtayarisha. Alibaki mama yake. Na kwetu mama ndiye anayemshika binti mkono na kumtoa. Asipokuwepo, binti hatoki, hata padri aimbe mpaka sauti ikauke.

Siku ya Jumatano huyo mama mkwe wangu, akiwa anaanika ndakala ufukoni, akakanyaga shimo. Mguu ukavimba kama boga. Muganga wa dispanseri akaufunga na vibao, akasema wiki tatu usiguse chini. Kamio, yale malori ya kubeba pamba, msimu wake haukuwa umefika. Fizi iko juu mlimani, mtumbwi wa maji haufiki. Vijana wanne wakaitwa wambebe kwa machela. Walimtazama mama, ambaye Mungu alimpa mwili bila kupima, na wote wanne wakakumbuka kazi shambani.

Ikabaki pikipiki. Na mwendeshaji wake, mimi.

Kwa asiyejua ukwe wa kwetu, nieleze. Mama mkwe simtazami usoni. Nikimwona njiani naingia majanini. Yeye akiniona anajifunika kitenge. Hatuli pamoja, hatukai kiti kimoja, hatusemezani hata salamu. Kama kuna neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Si uadui. Ni heshima, tena heshima kubwa mpaka inachosha. Watoto wakishazaliwa, mbuzi wa kufungua kinywa akishatolewa, hapo mnaweza kusalimiana. Lakini mtu akivunja kabla ya ndoa, ndoa inarudi nyuma, na watu wanaanza upya kuulizana kama kijana ana adabu.

Kwa hiyo swali lilikuwa hili: pikipiki na mtumbwi wake, ni kiti kimoja au viwili?

Alhamisi mchana likaamuliwa uani kwa mama. Mwamuzi alikuwa mjomba wa mchumba wangu, kaka yake mama. Mimi nilisimama nyuma ya ua nikitazama ziwa, mara moja moja nikichungulia kwa tundu la ua, shangazi yangu ananisemea.

"Ni kimoja," alisema mjomba. "Kimeshikamana kwa chuma. Batakaa bega kwa bega kama bwana na bibi!"

"Ee, ndugu yangu," shangazi akajibu, "mbuzi akifungwa kwa kigingi, ni kitu kimoja?"

"Mbuzi anakula. Kigingi hakili."

"Na mtumbwi iko nakula petroli? Pikipiki ndiyo inakula!"

Watu wakapiga vigelegele. Nilisikia mjomba akiguna. Hapo mzee wa pikipiki, aliyekuwa akigeuza kichwa huku na huku kufuata maneno, akainuka, akatoa spana mfukoni, akaiendea pikipiki tuliyoiegesha pale, akafungua boliti moja moja, akausukuma mtumbwi pembeni. Ukainama pua chini kidogo, lakini ukabaki peke yake.

"Hii moja," mzee akasema. "Hii ingine."

Watu wakainama kutazama nafasi iliyobaki katikati.

"Haya," mjomba akasema mwishoni. "Ni vitu viwili vinavyotembea pamoja. Lakini mkeka usimame katikati, basionane. Na basisemezane! Muzungu atakaa nyuma ya kijana, maneno yapitie kwake. Mi natangulia na baiskeli. Nitawangoja mulangoni pa kanisa, na nitauliza."

Mama mwenyewe, ambaye muda wote alikuwa kimya ndani ya nyumba, akatoa sauti: "Mumwambie huyo mukwe, nguo ya arusi aiweke mbali na samaki."

Jumamosi asubuhi akina mama sita walimpakia. Nilisikia mtumbwi ukilia kii, na pikipiki yote ikainamia upande wake. Mkeka ukafungwa katikati kwa kamba na miti miwili. Mzee akapanda nyuma yangu, akanishika kiuno, tukaondoka watu wakiimba.

Tulipoacha nyumba za mwisho, upepo wa ziwa ukaukuta ule mkeka, na mkeka ukafanya kazi ya tanga. Nilivuta kushoto, pikipiki ikaenda kulia.

"Mama iko nasema," mzee akanipigia kelele sikioni, "barabara iko huku!"

"Mwambie mama najua!"

"Mama, yeye iko najua!"

Maneno mengine yakatoka nyuma ya mkeka.

"Mama iko nauliza, kama iko najua, sababu gani sisi iko ndani ya pamba?"

Na kweli tulikuwa ndani ya pamba, hatua ishirini kutoka barabarani, na mwenye shamba amesimama na jembe lake, hajui aanze kumsalimia nani. Tukaufungua mkeka, tukamwachia yeye, nadhani bado anaulalia. Mama akajifunika kitenge kutoka kichwani mpaka magotini, akawa kama gunia lililofungwa vizuri. Nami nikakaza macho kwenye taa ya mbele, shingo imekauka kwa kuogopa kugeuka.

Mlima ukaanza. Katikati yake kuna jiwe ambalo kwa baiskeli nililijua, kwa pikipiki nikalisahau. Tukaruka, tukatua, na pikipiki ikaendelea kupanda kwa wepesi ulionifurahisha sana. Nikasema moyoni, leo motere imeamka.

Pa! Pa! Pa! Mtu anapiga bati la mtumbwi. Sikugeuka. Ningegeukaje? Pa! Pa! Nikamngoja mzee anieleze mama anataka nini, mzee kimya. Halafu ikaja sauti, karibu kabisa, sauti ambayo sikuwahi kuisikia bila ukuta katikati.

"We pikipiki! Pikipiki we! Umemwacha muzungu wako kule chini!"

Pikipiki ikayumba, kidogo tuanguke. Lakini hakuwa amesema na mimi. Nikafikiri haraka.

"Pikipiki," nikapaza sauti nikiitazama taa, "usisimame hapa, utatelezea nyuma. Panda mpaka pale tambarare, ndipo ugeuke."

"Umesikia, pikipiki. Fanya hivyo. Na muzungu ni muzima, iko napunga kofia."

Tulipofika juu, motere ilikuwa inatoa moshi, haikukubali kwenda popote kabla ya kupoa. Nikaizima. Nikaenda kukaa majanini, nimempa mama mgongo, yeye amebaki ndani ya kitenge, pikipiki ipo katikati ikilia ti, ti, ti kwa joto. Maji ya bonde la chini yalisikika. Jua lilikuwa limepanda. Nilimfikiria padri, nikafikiria mvua yote ile ya kungoja.

"Pikipiki," sauti ikasema.

Nikatazama bonde.

"Mi nina neno. Huyo kijana anayekuendesha, batu wanasema atazunguka ziwa, ataenda mpaka barabara iishe. Sasa mutoto wangu atamwacha wapi? Ao atamupakia ndani ya hiki kitu, waende wote, nisimwone tena? Batoto wangu wawili wako mbali, Albertville. Wananitumia salamu. Nimebaki na huyu mumoja."

Hapakuwa na mzaha ndani yake. Majibu niliyotayarisha yote yalikuwa ya mjomba. Nikang'oa majani, nikayapanga juu ya goti, nikayatupa.

"Pikipiki," nikasema, "huyo kijana anasema mengi kwa sababu njia ni ndefu na baiskeli inachosha. Barabara anaipenda, siwezi kukuficha. Lakini akienda atarudi, na mke wake hatamtenga na watu wake. Mwambie aliye humo ndani kwamba atajenga Baraka."

"Karibu na kwangu?"

"Si karibu sana. Mama atachoka kujificha."

Mwanzoni nilidhani analia. Halafu mtumbwi ukaanza kulia kii, kii, kii, nikajua anacheka, anacheka na mwili wote aliopewa, nami nikacheka mgongo wangu ukiwa kwake mpaka machozi yakanitoka. Hatukutazamana hata kidogo.

Motere ilipopoa tukageuka kurudi chini, mzee tukamkuta kando ya barabara. Wanawake waliotoka shambani walikuwa wamemkalisha kwenye kivuli cha migomba, wakampa muhogo wa kuchemsha, na kofia yake imejaa njugu.

"Pikipiki hii mimi najua," alisema akipanda. "Iko natupa mimi tangu kijana." Akamtazama mama, akanitazama mimi, macho yangu bado mekundu. "Mama iko nasema nini?"

"Hakuna, bwana."

Akatabasamu chini ya masharubu, akatugawia njugu, na kwa njia iliyobaki maneno yote yalipita kwake. Nadhani mengine alikuwa anayatunga.

Tulifika Fizi wenzetu wote wamekwisha kufunga ndoa, padri anakunja vazi lake. Mjomba alikuwa mlangoni kama alivyoahidi, suruali bado imefungwa kamba za baiskeli. Hata salamu hakutoa.

"Mulisemezana?"

Mama akafunua kitenge kidogo. "Mi nilisema na pikipiki."

"Na pikipiki ilijibu?"

Watu wakasogea. Mchumba wangu nilimwona katikati ya shangazi zake, ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Ningeweza kunyamaza. Lakini kudanganya siku ile, mahali pale, niliona ningeibeba hiyo ndoa kama mzigo wa wizi.

"Ilijibu, mjomba," nikasema. "Nami nilisikia yote."

Mjomba akaizunguka pikipiki taratibu, akaigusa motere, akaondoa kidole haraka na kukipuliza. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akamwinamia dada yake.

"Ilijibu vizuri?"

"Vizuri," mama akasema. "Ina adabu."

Mjomba akageuka, akamwita padri avae tena vazi lake.

Kumshusha mama hakuna aliyethubutu, kwa hiyo padri alitoka nje. Ndoa yetu ilifungwa pale uwanjani, mama akiwa amekaa ndani ya mtumbwi, mimi nimesimama mbele nimempa mgongo, mchumba wangu kando yangu, mkono wake mmoja umenyooshwa nyuma na kushikwa na mama yake. Padri akasema maneno yake, akafika mahali ambapo mama anatakiwa kuachia. Akangoja. Akakohoa. Mzee akavua kofia, njugu zilizobaki zikamwagika, hakuinama kuziokota.

Mimi sikuweza kuona kinachotendeka nyuma. Niliona bega la mchumba wangu tu, limevutwa upande wa mama yake, na vidole vya mkono wake wa pili vikitafuta vyangu. Hata mjomba hakumharakisha dada yake. Halafu, polepole, bega likarudi.