Injini Iliyozoeshwa Timau

Naftaly Marete alikuwa fundi wa matrekta katika shamba moja la ngano kule Timau, na hakuna aliyewahi kumlaumu kwa pupa. Trekta ikifa katikati ya mavuno, alikuja kwa mwendo wa kinyonga, akaizunguka, akaisikiliza, akaomba chai kwanza. Lakini ilipotoka mikononi mwake ilikuwa imepona, kwa hiyo watu walimvumilia.

Miaka ya sabini, Mzungu aliyekuwa meneja alipofunga virago, alimwachia sanduku la vikorokoro. Ndani mlikuwa na injini ya ndege ya kuchezea, ya kuenea kiganjani, mpya kabisa, pamoja na dumu la mafuta yake: spiriti iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Basi mtu mzima mwenye mvi akashikwa na wazimu. Akachonga ndege ya mbao nyepesi, ya kurushwa kwa nyaya mbili ndefu, mrushaji akisimama katikati na kuzunguka nayo.

Injini ya aina hiyo huwashwa na watu wawili. Mmoja hushika mkia. Mwingine huunganisha betri na plagi mpaka waya wa ndani uwe mwekundu, kisha huipiga propela kwa kidole na kukiondoa upesi kabla hakijakatwa. Mshika mkia alikuwa mkewe Ciakuthii, mzaliwa wa Karurumo upande wa Embu. Alipiga magoti kwenye umande, mafuta yakimrukia kwenye leso, akicheka. Tena alikuwa na masikio. Mafuta yakizidi, injini huguguma kwa sauti nzito ya kukatikakatika na kutema moshi. Yakipungua, hupiga ukelele mwembamba. Ciakuthii alizijua sauti hizo mbili kuliko mumewe.

Na injini mpya haikimbizwi. Hulishwa mafuta kupita kiasi, ikaguguma kidogo, ikazimwa, ikapoa, ikawashwa tena, ili pistoni na silinda zizoeane. Baadaye sindano inayopitisha mafuta hukazwa kidogo kidogo mpaka sauti inyooke. Kazi ya subira, kazi ya Naftaly hasa.

Walikuwa ndio kwanza wameianza wakati kifua cha Ciakuthii kilipoikataa baridi ya Timau. Daktari akasema ateremke kwenye joto. Akaenda kwao Karurumo, akauguzwa na binti yao Kiende. Siku ya kuondoka aliomba jambo moja tu.

"Baba Kiende, hiyo ndege usirushe bila mimi. Ikikuwa tayari uniletee niione hewani kabla sijaenda."

Naftaly hakuuliza kwenda wapi.

Na hapa ndipo mtu hutamani kumkamata mabega amtikise. Kiende alituma salamu kwa dereva wa lori: mama anadhoofika, njoo. Naftaly akajibu, "Mwambie haraka haraka haina baraka. Injini bado haijazoea." Kiende akarudisha, "Mwambie ngoja ngoja huumiza matumbo." Naftaly akatikisa kichwa, akaufunga mkia wa ndege kwenye kigingi, akaendelea peke yake. Alisema anafanya hivyo kwa ajili ya mkewe, na nusu ya moyo wake iliamini. Nusu nyingine iliogopa. Injini ikikohoa alijua la kufanya. Mkewe akikohoa hakujua hata atazame wapi.

Hatimaye injini ikaimba sawasawa. Naftaly akaidondoshea sindano tone la rangi nyekundu ili isisogee, kama alivyozoea kufanya kwenye pampu za matrekta ili madereva wasizichezee. Ndipo akateremka.

Ciakuthii alibebwa hadi uani kwa kiti. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Naftaly akamsalimu haraka, akageukia ndege yake.

"Mkia nitashika mimi," Ciakuthii akasema.

"Mama, hauna nguvu," Kiende akamwambia.

"Kama sina, wewe unishikilie mimi."

Injini ikawaka mara moja. Ciakuthii akainamisha kichwa, akasikiliza, uso ukamkunjamana.

"Baba Kiende, hiyo inalia njaa! Ifungulie mafuta!"

"Nimeipima Timau mpaka ikakubali. Hiyo ndiyo sauti yake!"

"Sio sauti yake! Fungua hiyo sindano!"

Naftaly alikwisha kukimbia katikati ya uwanja na kukamata kishikio cha nyaya. "Achilia!" akamfokea, mbele ya binti yao. "Mwanamke, achilia!"

Akaachilia. Ndege ikakimbia, ikainuka kufika usawa wa paa, ukelele ukazidi kuwa mwembamba, kisha kimya. Ikajipigiza ardhini kwa pua. Naftaly alipoigusa, injini ilimwunguza vidole. Propela haikuzunguka. Ilikuwa imenoki, pistoni imekwama ndani ya silinda.

Hewa ya Timau ni nyepesi. Huko juu injini hutosheka na mafuta machache. Ya Karurumo ni nzito, nayo hudai zaidi. Naftaly alikuwa mtu wa dizeli, hilo hakulijua. Mkewe naye hakulijua, ila alilisikia.

Akarudi na vipande mikononi, hawezi kumtazama usoni.

"Nitaagiza pistoni nyingine," akasema. "Nairobi ziko. Tutaizoesha upya, polepole."

"Ungeizoeshea hapa," Ciakuthii akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma. "Ungekuja nayo wakati Kiende alikuita. Ningekushikia mkia hapa hapa kila siku. Wakati huo nilikuwa na nguvu bado."

Naftaly akaviweka vile vipande chini. Akaketi chini kando ya kiti, akaushika mkono wa mkewe, mwepesi, wenye joto la homa. Ciakuthii alizikwa juma lililofuata.