Jina la Baba Mkwe

Katika Tottenham nzima, huku London, Udangashega hakuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye lugha ya kwao. Mbarabaig kutoka Hanang' utampata wapi huku? Watanzania walikuwapo tele, kanisani na sokoni, na walikuwa wema kwake kwa namna yao. Wakishajua kabila lake walicheka, wakamwita Mmang'ati, wasijue au wasijali kwamba kwa Kimaasai neno hilo maana yake ni adui. Hata Eufrasia, Mhaya aliyempangisha chumba, alimwita hivyo kwa mapenzi. Naye aliitika. Ukiwa mpweke unaitikia chochote.

Mwaka wake wa masomo ulikuwa unakwisha, na visa nayo. Ilibaki nafasi moja: shirika fulani lilitafuta kijana wa jamii za asili, limsomeshe ukunga na kumlipa. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Kwao, mke wa Kibarabaig akiulizwa kliniki jina la ukoo wa mumewe huinama kimya, na nesi mgeni humwona mkaidi, akaita mwingine. Udangashega alitaka awe yeye nesi anayeuliza.

Usaili ulikuwa Croydon, kwenye ghorofa la maofisi, mbele ya Jeff na Vijay, wanaume wawili wapole wa shirika lile. Jeff akawasha kinasa sauti, akamwomba ataje jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti.

Hapo ndipo penye kisa. Alipoolewa, karani mmoja huko nyumbani aliona anamfanyia hisani, akamwandika ukoo wa mume. Ukoo huo ni jina la baba mkwe, na mwanamke wa Kibarabaig halitaji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo, mpaka anaingia kaburini. Mimi pia sitaliandika hapa, mtanisamehe.

“Udangashega,” alisema.

“Na la pili?”

Akasogeza pasipoti, akaonyesha kwa kidole. Vijay akatikisa kichwa kwa huruma: lazima lisikike kwa sauti yake, ndio utaratibu.

Basi akaeleza. Kiingereza kilimpiga chenga, lakini alieleza. Jeff alisikiliza mdomo wazi. Akasema hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo, na kwamba shirika lipo kuzilinda mila za namna hii hasa. Akamshukuru sana. Kisha akakisogeza kinasa sauti karibu yake.

“Kwa hiyo, linatamkwaje?”

Ningekuwa mimi, ningempiga na ile pasipoti. Udangashega alifikiria kliniki ya kwao, akalitaja. Jeff akalirudia, akalikosea, akamwomba alitaje tena. Akalitaja tena.

Wiki iliyofuata wakampigia simu: nafasi ni yake. Eufrasia alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

“Mmang'ati wangu! Unakuwa midwife! Sasa mbona umenuna?”

“Dada Eufrasia, nimetaja jina la baba mkwe.”

“Ukamtukana?”

“Nimelitaja tu.”

“Jina tu? Uda, hii ni London, bwana. Mimi manager wangu namwita Nancy, na ni mkubwa kuliko mama yangu. Njoo ule, chakula kinapoa.”

Akala. Nyumbani wanawake wangefunika midomo. Wangemkalisha chini, wangemkaripia mpaka alie, kisha yangekwisha. Hapa alikuwa amefanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yake, na katika jiji zima hapakuwa na mtu wa kushtuka. Hakuwahi kujisikia mpweke namna ile.

Jioni alipiga simu Hanang'. Mumewe alishangilia, akampa mama yake simu. Mama mkwe alilia kwa furaha.

“Mwanangu, wanasema huko mtu husahau heshima zote. Wewe hujatuangusha.”

Udangashega alifungua mdomo amwambie. Huyu ndiye angeshtuka. Huyu ndiye angemkaripia.

“Sijawaangusha, mama,” alisema.