Mkono wa Milioni Tatu

Kaka yangu alikatwa mkono wa kulia kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi yetu. Nilikuwepo. Watu wakisimulia mambo ya panga hupenda kusema hawakumbuki vizuri, eti ilikuwa kama ndoto. Mimi nakumbuka vizuri sana. Jirani yetu wa ng'ambo ya korongo alikuja kudai ng'ombe wake, ambao kaka alikuwa amewafungia zizini kwetu mpaka tulipwe hasara ya shamba. Jirani akasema fungua. Kaka akasema lipa kwanza, akaweka mkono juu ya gogo la mlango ili lisisogezwe. Panga likashuka. Halafu gogo likavutwa, ng'ombe wakatoka kwa kusukumana, na ule mkono ulikuwa chini, wakaukanyaga wote.

Mama alikifunga kisiki kwa khanga aliyokuwa amejitanda, akakaza kwa mwiko wa ugali. Kaka hakufa. Jirani alishikwa akalala mahabusu, lakini haikuchukua muda wazee wa koo zetu mbili wakaomba jambo lirudi nyumbani, na likarudi. Korongo ni moja, maji tunachota pamoja, mazishi tunazikana. Mimi nilitaka aoze huko huko. Hakuna aliyeniuliza.

Kwetu fidia ya kiungo ni ng'ombe. Wazee walikaa, wakaupima mkono wa kulia wa kijana ambaye hajaoa, wakasema ng'ombe kumi. Hapo ndipo baba aliposimama.

Ili umwelewe baba, ujue kwamba mwaka ule mvua zilikataa. Barabara ya kutoka Karatu kwenda bondeni ilinuka mizoga. Fisi walishiba mpaka wakaacha kukimbia watu. Baba alikuwa na zizi zuri, na alilipoteza lote, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, akiwainua kwa mkia asubuhi na kuwakuta wamelala tena jioni. Wa mwisho alikuwa jike aliyezaliwa siku moja na mimi, kama mama anavyosimulia, ingawa sidhani ng'ombe huishi hivyo. Aliposhindwa kusimama, baba hakumchinja. Alichukua shoka akampiga kwa kisogo cha shoka, akampiga, akampiga, akimtukana kama vile amemwibia. Mama alilia, naye akageuka na shoka lile lile akamwuliza kama na yeye anataka.

Kwa hiyo baba aliwaambia wazee, "Ng'ombe gani? Hawa wanaooza barabarani? Mwanangu hatalipwa mizoga. Nipeni shilingi."

Baba ujanani aliwahi kuwa kibarua kwenye shamba kubwa la kahawa pale juu, chini ya msitu wa Ngorongoro, na kila mwisho wa mwezi alipangwa foleni akahesabiwa noti mkononi. Noti haikondi, alisema. Haihitaji majani. Wazee wakapiga hesabu. Mnadani msimu ule ng'ombe alikwenda laki tatu, ukimpata mjinga wa kununua. Kumi ni milioni tatu. Jirani hakuwa na uwezo wa kutoa zote, wakakubaliana laki tatu kila mwaka baada ya mavuno, mpaka ziishe. Kisha wakafanya kama inavyofanywa siku zote: pombe ya asali ikaja, mzee wa kwetu na mzee wa kwao wakainywa, wakaitemea ardhini, wakatamka kwamba jambo limelala, na atakayelifufua laana imrudie yeye na uzao wake.

Kosa lilikuwa pale. Wazee hao hao walikuwa wameshabariki mamia ya ng'ombe, na ng'ombe ukishambariki, hata mwaka upite na bei igeuke vipi, ni ng'ombe yule yule. Safari hii walibariki namba. Hakuna aliyejua kwamba namba inaweza kubaki vile vile huku kilichomo ndani yake kinatoka.

Fedha ile ilikuwa na kazi yake tangu siku ya kwanza. Baba alitaka kumnunulia kaka mashine ya kusaga. Mtu wa mkono mmoja halimi, hakamui vizuri, hakati majani, lakini anaweza kumimina mahindi kwenye mashine na kupokea unga. Mashine na injini yake, Arusha, wakati ule ilikuwa milioni tatu na kidogo. Kulikuwa pia na binti wa upande wa Mbulu aliyekubali kumsubiri, na baba yake alisema wazi kwamba mwanawe hataolewa na mtu anayeomba kufungiwa vifungo, ila mwenye mashine ni mtu kamili. Maisha ya kaka yote yaliwekwa hapo.

Jirani alilipa. Namchukia lakini nitasema haki yake: hakuruka hata mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza aliuza dume lake la kulimia, la pekee lililobaki, akaja na zile laki tatu macho mekundu. Nilifurahi kumwona vile. Baba akaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likaingia chini ya kitanda, na kila alipozihesabu alikuwa mtu mwingine, mpole, karibu awe mwema.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kuuza chai na chapati mnadani, na baadaye nikapata kibanda mjini Karatu, karibu na magari ya watalii yanapojaza mafuta. Mtu anayenunua unga kila siku hahitaji redio imwambie kitu. Mafuta ya kupikia yalipanda, unga ukapanda, sukari ikapanda, mkaa ukapanda. Wateja hawakutaka chapati ipande, basi nikaipunguza. Nilipunguza donge kidogo, mwezi mwingine kidogo tena, huku bei ikisimama, mpaka dereva mmoja wa watalii akainyanyua chapati yangu mbele ya watu, akaangalia jua kupitia katikati yake, akauliza kama ni chapati au ni kitambaa cha kufutia miwani. Watu wakacheka. Nilimmwagia chai ya moto kifuani. Haikuwa ya kuchemka sana, lakini alipiga yowe, na rafiki zake wakanipindulia meza na jiko. Niliwarushia mawe mpaka gari likaondoka. Usiku nilijipaka siagi kwenye mkono uliobabuka na sikujuta.

Niliporudi nyumbani nilimwambia baba anunue ng'ombe. Mvua zilikuwa zimerudi, majani yapo, kila laki tatu anayoletewa anunue ndama angalau, akue. Alinizaba kofi kabla sijamaliza. Akaniambia sijui maana ya kuona zizi likifa. Kisha, akiwa ametulia, akanieleza hesabu yake, na ilikuwa hesabu ya mkulima: bei ikipanda, hushuka. Mahindi hupanda wakati wa njaa, hushuka wakati wa mavuno. Vitunguu vya bondeni leo gunia ni dhahabu, kesho vinamwagwa mtoni. Mashine nayo itashuka, mwenye haraka ndiye anayeliwa.

Kila mwaka baada ya kupokea alipanda basi kwenda Arusha kuuliza bei ya mashine. Kila mwaka alirudi kimya, na ule ukimya tulijifunza kuukimbia. Mwaka mmoja alivunja viti vyote viwili vya sebuleni. Mwaka mwingine alimpiga kaka kwa mkanda, mtu mzima mwenye ndevu, kwa kuuliza tu imefika ngapi. Kaka alijikinga kwa kisiki. Kopo lilikuwa linajaa na mashine ilikuwa inakimbia mbele yake, kila tulipoikaribia inasogea.

Binti wa Mbulu aliolewa na fundi pikipiki. Kaka alipoambiwa alimchukua mbwa wa jirani aliyekuwa amevuka korongo, akamning'iniza. Baada ya hapo akawa anachanja kuni kila jioni kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni panga lilimponyoka, akajikata mguu. Baadaye lilikaa. Kijiji kizima kilijua anajifunza nini, na jirani alijua pia, maana aliacha kupita njia ya kwetu.

Mwaka wa malipo ya mwisho jirani alikuja na mzee wa kwao, mzee wa kwetu akaitwa, pombe ikaletwa, ili jambo lifungwe. Zizi la jirani sasa lilikuwa limejaa. Ng'ombe mmoja wa kawaida mnadani hakushikika chini ya milioni. Ile laki tatu ya mwisho aliipata kwa kuuza mbuzi wawili na kuku wa mke wake, na aliisema hiyo habari bila ubaya, kama mtu anayeshukuru Mungu kwa mwaka mwema. Mwanzo ilimtoa machozi, mwisho ilimtoa mbuzi.

Baba akalileta kopo, akazipanga noti mezani mbele ya wazee. Zilikuwa milioni tatu kamili. Nyingine zilikuwa zimeota ukungu, akazinyoosha kwa kiganja.

Kaka aliuliza mashine sasa ni bei gani. Baba akaendelea kunyoosha noti. Nikajibu mimi, kwa sababu nilikuwa nimeuliza mjini: fedha ile haikufika nusu. Ingenunua injini iliyochoka, bila kinu.

Kaka akaitazama ile meza. "Baba, mkono wangu uko wapi hapo?"

"Upo wote," baba akasema. "Haikupotea hata shilingi moja."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kofi lolote. Jirani alilipa yote, baba alitunza yote, wazee walibariki kwa moyo mweupe, na kaka alikuwa ameibiwa. Ukimtafuta mwizi humwoni, na mtu mwenye hasira asipomwona mwizi humpiga aliye karibu.

Panga lilikuwa nyuma ya mlango. Kaka alipolitoa, wote tulimgeukia jirani, hata jirani mwenyewe alinyanyuka akitaka kukimbia. Lakini kaka alikwenda kwa baba. Alikwenda moja kwa moja, meza ikaanguka, noti zikatawanyika, na baba, badala ya kukimbia, aliinama kuziokota. Jirani ndiye aliyeruka katikati. Sijui kwa nini. Labda alikuwa amechoka kungoja zamu yake. Panga lilimwingia begani, mfupa ukalia, akaanguka juu ya fedha zake mwenyewe. Mimi na mzee wa kwao tulimlalia kaka mpaka akaliachia, na aliniuma sikio mpaka leo lina alama.

Wazee walikaa tena. Jirani alikuja na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akakaa, akasubiri watu wamalize kusafisha makoo. Mtu aliyeniokolea baba nilishindwa hata kumchukia sawasawa. Wazee walitaja fidia: ng'ombe watano. Mzee wa kwetu, kwa mazoea mapya, akauliza kama ipigwe hesabu kwa shilingi.

Jirani akasema, "Mimi nataka ng'ombe. Pesa msiniandikie."

Basi kopo likatoka. Tulikwenda mnadani baba, kaka na mimi. Kulikuwa na ng'ombe wengi wazuri, wameletwa kwa miguu kutoka Malambo na Loliondo, wanene, mvua zilikuwa njema. Baba alimshika dume mmoja pembe, akamwambia dalali, bila haya, laki tatu. Dalali alidhani ni utani. Baba akarudia. Vijana wakaanza kucheka, mmoja akamwambia, "Mzee, kwa laki tatu utapata mkia." Baba akampiga dalali fimbo ya uso. Walimwangusha, wakamkanyaga kwenye mbavu, na mimi niliingia na upawa wa chuma niliouazima kwa mama mmoja wa supu, nikapiga kila kichwa kilichokuwa karibu. Kaka alisimama pembeni akitazama baba anavyopigwa. Alipoona inatosha ndipo akamvuta.

Tulinunua watatu. Wawili wa maana na mmoja aliyekonda, na chenji ya kunywa chai. Baba alitembea nyuma yao njia nzima, damu imemkauka kwenye masharubu. Tulipofika korongoni aligeuka kutazama nyuma, kama mtu anayengoja ng'ombe wengine wafike. Ndipo nilipomlilia, kwa mara ya kwanza.

Wawili waliobaki hatukuwa nao. Kaka aliwalipa kwa kuchunga. Alivuka korongo kila asubuhi akachunga ng'ombe wa mtu aliyemkata, mpaka wazee wakasema deni limekwisha. Siku hiyo jirani alimwomba asiondoke, kwa sababu hajapata mchungaji mwenye macho kama yake, akamwahidi elfu themanini kila mwezi. Kaka alinyanyua fimbo, na jirani, ambaye bega lake lilikuwa bado halinyanyuki vizuri, akarudi hatua nyuma akasema haraka kwamba basi ni ndama, kila mwaka ndama jike mmoja.

Kaka alimleta wa kwanza jioni. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, mbavu zinamsumbua tangu siku ya mnada. Alimtazama yule ndama, akauliza kwani hawakumpa shilingi. Akaambiwa ziliahidiwa, zikakataliwa.

"Ungechukua," baba akasema. "Ungeweka. Bei zitashuka."

Kaka alikuwa ameishika kamba ya ndama kwa meno, na kwa mkono uliobaki alikuwa anakaza fundo kwenye nguzo.