Pikipiki ya Baba Haikuwa ya Kijiji

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili bado hunipandisha hasira. Wenzangu wanakumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi ya asubuhi au udi wa Ijumaa. Mimi nakumbuka hiyo, na moshi wa bluu uliobaki uwanjani kwetu hata baada ya baba kutokomea kwenye mikorosho. Pikipiki yake ilitoka Italia. Aliinunua ikiwa imeshatumika na kuchoka, kwa mhandisi Mtaliano aliyekuwa akijenga madaraja upande wa Lindi na ambaye, muda mfupi baada ya Uhuru, alifungasha virago akarudi kwao. Ilikuwa nyekundu, tangi lake refu na jembamba, kiti chake cha ngozi kimepasuka, na ilinguruma kwa namna ambayo mbuzi wa kwetu Pande hawakuizoea mpaka mwisho. Sisi watoto tuliiita Mtaliano. Mama aliiita mke mwenzangu, na hakuwa akitania sana.

Baba hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Alipenda kujisifu, alikuwa mchoyo wa vyombo vyake, na aliyegusa usukani wa Mtaliano bila ruhusa aliambulia matusi. Lakini kazi yake aliifanya. Kila Ijumaa baada ya sala alitandika gunia uani, akafungua kabureta na kuipuliza, akasugua plagi kwa msasa, akafuta mnyororo kwa tambara. Spea hazikupatikana Kilwa wala Lindi, na Dar es Salaam kwenyewe walimcheka alipotaja jina la pikipiki. Basi waya wa klachi ulipokatika aliweka wa breki ya baiskeli, na gasketi alizikata mwenyewe kutoka kwenye kadibodi za maboksi ya sabuni. Kubwa kuliko yote lilikuwa suala la oili. Injini ile haikuwa na mahali pake pa kuwekea oili, iliipata humohumo kwenye petroli. Kwa hiyo kabla ya kujaza tangi baba alipima oili kwa kikombe cha bati, akaimimina kwenye galoni la petroli, akalitikisa huku amefumba macho kama anayesikiliza kitu ndani.

Kisha ikaja operesheni ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, tukahamishwa. Walikuja na lori asubuhi, wakaezua paa la nyumba yetu huku uji ukiwa jikoni, na jioni tulikuwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Sikatai kwamba huko tulipata shule na kisima. Nilisoma hapo, na kama kusingekuwa na shule ile nisingeandika haya. Lakini mikorosho haipakiwi kwenye lori. Ilibaki kulekule, mbali, na watu waliokwenda kwa miguu walifika jua likiwa limeshapanda, wakapalilia kidogo, wakarudi wamechoka. Baada ya muda wengi waliacha kwenda. Mashamba yao yakamezwa na pori, nguruwe wakahamia. La baba peke yake lilibaki safi, kwa sababu kila alfajiri alimpanda Mtaliano akaenda, na msimu wa korosho ulipofika ni sisi tu tuliorudi na magunia. Nilikuwa mdogo, lakini niliona jinsi watu walivyoyatazama magunia yale.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. "Ndugu zangu," alisema, "haiwezekani mtu mmoja apande chombo wakati kijiji kizima kinatembea kwa miguu. Pikipiki hii itumike kwa shughuli za wote." Mikono ikanyooshwa. Wa mjomba wangu, kaka yake mama, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza, naye alikuwa amekaa mbele kabisa. Baba alisimama. Sauti yake ilifika mpaka nyuma tulikokaa sisi. "Ichukueni. Lakini nisikilizeni: msiitie petroli tupu. Changanyeni na oili, la sivyo itakufa." Watu wakacheka. Miaka ile tulikuwa tumechoshwa na maduka yaliyotuuzia maziwa yaliyotiwa maji na mafuta ya taa yaliyochanganywa na vitu visivyojulikana, kiasi kwamba neno kuchanganya lilikuwa sawa na wizi. Mtu akapaza sauti: "Mchoyo huyo! Anataka tuichafue ili aseme tumeiharibu."

Mwenyekiti akaagiza petroli kutoka Nangurukuru, safi, isiyoguswa na mtu. Alipita mlangoni kwetu juu ya Mtaliano, taratibu, ili baba amwone, akapiga kelele, "Unaona? Hata moshi haitoi tena!" Akashika njia ya Njinjo. Hakufika. Injini ilinoki njiani kwa kukosa oili, gurudumu la nyuma likakaza ghafla, naye akarushwa vichakani. Vijana walimkokota Mtaliano hadi nyumbani kwetu. Baba aliweka mguu kwenye kiki ya kuwashia, akakandamiza kwa uzito wake wote, kiki isishuke hata kidogo. Akaketi chini palepale, kwenye vumbi, na kanzu yake ya Ijumaa.

Mkutano wa pili ulikuwa wa kumshtaki. Walisema ni hujuma, kwamba alijua siri ya pikipiki akaificha. Akaificha! Baba aliuliza ni nani aliyemsikia siku ile akiwaonya. Uwanja ulijaa watu na hakuna aliyefungua mdomo. Mjomba alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikapiga kelele, "Baba aliwaambia! Wote mlisikia!" Mama akaniziba mdomo kwa kanga na kunivuta nyuma, maana mtoto hasemi mkutanoni, tena mtoto wa kike. Baba akapewa adhabu ya kazi kwenye shamba la kijiji na kukatazwa kutoka bila ruhusa. Korosho za msimu ule ziliokotwa na nyani. Kiangazi kilichofuata moto wa porini ulipita kwenye majani yaliyokosa wa kuyafyeka, na mikorosho yetu ikaungua.

Leo Nangurukuru imejaa bodaboda. Kijana wa miaka ishirini anaharibu pistoni asubuhi, mchana ameshapata nyingine, na anakwenda shambani kwake anapotaka bila kumwomba mtu. Siwaonei wivu, ila nikiwatazama namwona baba, aliyekufa akiitwa mhujumu. Hivi karibuni nilialikwa kwenye sherehe za kijiji kile. Kiongozi kijana akasema kwa fahari kwamba kijiji chao kilimiliki pikipiki ya Kitaliano zamani zile ambapo wengine hawakuwa na baiskeli. Watu wakapiga makofi. Mjomba, mzee sana sasa, naye alipiga.

Nilimfuata. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulimsikia baba siku ile, aliposema habari ya oili?"

"Nilimsikia. Wote tulimsikia."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

"Mikorosho yangu ilikuwa imeshakufa," alisema. "Yake ilikuwa bado inazaa."

Alilisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia, kisha akaniomba nimwitie bodaboda ya kumrudisha nyumbani. Nilimwitia. Sikumsamehe, na mpaka leo sijamsamehe.