Mpiganaji Mwenye Jembe

Jumapili mchana, duka la vitambaa likishafungwa, tulipanda ngazi za nyuma na kukaa sakafuni kwenye chumba cha juu, watu wanne na dadu yenye pande ishirini. Mwenye chumba alikuwa binti wa familia ya Kihindi inayouza vitenge mjini Dodoma tangu enzi za babu yake, na ndiye aliyekuwa msimulizi wetu. Mchezo wenyewe hauna makuu. Msimulizi anakuambia uko wapi na mbele yako kuna nini, unasema mhusika wako anafanya nini, halafu dadu inaamua kama ameweza. Wahusika wanatofautiana kwa kazi zao: mpiganaji, mganga, mwindaji, mwimbaji, na yule wa kurusha moto kwa maneno, ambaye kwetu alikosa mchezaji. Nani angerudi mtaani kwake kuwaambia majirani kwamba ameshinda mchana kutwa akiwa mchawi?

Kazi ipi ni bora kuliko zote? Hapo ndipo nilipogombana na watu kila wiki. Nafundisha hesabu, na jambo nikilishika siliachii kirahisi. Nilisema mpiganaji, basi. Mganga anawategemea miungu, mwindaji anategemea umbali, na mwimbaji sikujua hata anafuata nini vitani na zeze lake. Mpiganaji anapigwa, anapigwa tena, na bado amesimama mlangoni.

Kipimo changu kilikuwa kimoja tu: nani anakufa mwisho. Sababu sikumwambia mtu. Mama yangu alikuwa amefariki wakati wa mvua, na mpiganaji wangu alikuwa ni yeye. Badala ya upanga nilimpa jembe, msimulizi akakubali. Nilimpa khanga ya kiunoni yenye mafundo mawili, goti la kushoto lenye kumsumbua, na ile tabia yake ya kumwambia mtu "subiri kwanza" huku akijipangusa mikono, ndipo amshughulikie. Nilipokuwa chumbani mle, mama alikuwa hai mpaka jua linapozama.

Mganga wetu alichezwa na muuguzi kutoka Chemba. Mhusika wake alipoomba, yeye mwenyewe aliomba kwa lugha ya kwao, ile yenye vidoko, ulimi ukigonga kinywani kama mtu anayevunja vijiti vikavu. Siku ya kwanza kuisikia niliacha kubishana. Hata msimulizi alisahau kuuliza dadu imesemaje.

Mwimbaji ndiye aliyekuwa adui yangu. Alikuwa Mhehe, anafanya kazi ya mifugo Mpwapwa, na kila Jumapili alishuka kwenye basi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Wahehe na sisi Wagogo ni watani, kwa hiyo hakuna aliyeomba ruhusa ya kumtania mwenzake.

"Mgogo, leo umekuja kuomba nini?" angeniuliza mlangoni.

"Naomba uwaache mbwa wa Mpwapwa wapumzike. Wamebaki wangapi?"

Sisi husemwa tunaomba-omba, na wao husemwa wanakula mbwa. Kwa mgeni yanaweza kusikika kama matusi. Lakini mtani ana kazi kubwa kuliko kuchokozana. Kwenye msiba ndiye anayeruhusiwa kulala kaburini na kuzuia maziko mpaka alipwe, kumwigiza marehemu anavyotembea na anavyogomba, mpaka wafiwa wacheke wakiwa katikati ya kilio. Siku tuliyomzika mama, korongo la kijijini kwetu lilikuwa limejaa maji, na watani wetu walikwama ng'ambo. Tulimzika kimya. Tangu siku ile baba hakuwahi kucheka, na mimi sikuwahi kulia.

Jumapili moja msimulizi alituingiza kwenye handaki lililokuwa likibomoka, jitu likitufuata nyuma. Mtu mmoja alitakiwa abaki mlangoni ili wengine wapite. Sikufikiri hata kidogo.

"Anabaki mwenye jembe," nikasema.

Nilirusha dadu, ikaja moja. Mganga akaomba kwa vidoko vyake vyote, dadu yake nayo ikamkatalia. Mwindaji hatukuwa naye, maana wachezaji tulikuwa watatu tu. Nikadai mrusho mwingine. Nikasema sakafu imeinama, nikasema dadu imegonga sahani ya bhajia, nikapandisha sauti mpaka muuguzi akanishika mkono.

"Amekufa, dada," msimulizi alisema taratibu. "Nisamehe."

Nilianza kutafuta viatu vyangu. Nilitaka kufika kwangu Ipagala kabla mtu hajaniona nikilia.

Yule Mhehe akainuka, akaenda kujilaza kwenye kizingiti cha mlango, chali, mikono kifuani. Karatasi niliyoandika sifa za mhusika wangu aliiweka juu ya tumbo.

"Hapiti mtu," akasema. "Huyu mama hazikwi mpaka nilipwe. Ameniita mvivu tangu mwaka jana, na sasa anaondoka bila kuniaga?"

"Ondoka," nikamwambia.

Akainuka kweli, lakini si kuondoka. Alichukua kipande cha kitenge, akakifunga kiunoni mafundo mawili, akaanza kutembea chumbani akichechemea kwa goti la kushoto. Akasimama mbele yangu, akajipangusa mikono polepole, kiganja kwa kiganja, kisha akainua kidole.

"Subiri kwanza."

Alikuwa mama. Sijui niseme vipi tena. Mtu ambaye hajawahi kumwona hata kwenye picha alimleta chumbani pale mzima mzima, kwa vipande nilivyokuwa nikivitoa Jumapili baada ya Jumapili bila kujua kuna anayeviokota. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, nikalia kilio cha miezi yote ile. Hakuna aliyeninyamazisha.

Niliponyamaza mwenyewe niliwaambia mpiganaji yule alikuwa nani, na kuhusu korongo. Nikamlipa mtani wangu bakuli zima la karanga. Alilipokea, akatafuna kidogo akiwaza.

"Kaburi lenyewe liko wapi?" akauliza.

Korongo lilipokauka tulikwenda wote wanne. Baba alikuwa uani akichambua mtama. Sisi watatu tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Mhehe hakuamkia mtu. Alipita moja kwa moja hadi kaburini pembeni ya ua, akalala kando yake juu ya udongo mwekundu, na kupaza sauti kwamba yeye Mhehe hatoki hapo mpaka alipwe, na kwamba kwa mama kama huyu kuku mmoja hatoshi.

Nikashikwa na hofu. Nilimkumbuka mpiganaji, mganga na kila kazi niliyoipima na kuilinganisha Jumapili zote zile, na sasa niliona kwamba zote huishia pale mtu anapokata roho. Ya mwimbaji ndiyo kwanza inaanza. Sikujua kama baba ataielewa, au ataokota fimbo.

Baba aliweka ungo chini. Alitembea hadi kaburini, akasimama karibu na yule mtu aliyelala.

"Mhehe," akasema, "umechelewa. Ulikutana na mbwa njiani?"

Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea bega langu, kisha akaenda kukamata kuku, wawili.